Muhogo wa Amani

Wajerumani walipoamua mwaka 1902 kujenga kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo katika koloni lao la Afrika Mashariki, hawakukiweka Dar es Salaam karibu na gavana. Walipanda nacho milimani, kwenye misitu ya Usambara Mashariki juu ya Muheza, mahali paitwapo Amani, karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari. Mvua huko haina uchoyo, na mteremko mmoja tu hukushusha kutoka kwenye ubaridi wa chai hadi kwenye joto la mnazi. Kwa mtu aliyetaka kujaribu kila mmea wa nchi za joto bila kuhama kituo, hapakuwa na mahali pazuri zaidi. Mfano wao ulikuwa Java, ambako Waholanzi walikuwa na bustani mashuhuri ya Buitenzorg, mji unaoitwa leo Bogor. Mkurugenzi wa kwanza, Franz Stuhlmann, alitaka Amani iwe Buitenzorg ya Afrika.

Nia ilikuwa biashara, wala hawakuificha. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alikuwa ameagiza vikonyo 1,000 vya mkonge kutoka Florida, kwa kuwa Wamexico wenye mkonge wao hawakuwa na haja ya kumpa mshindani mbegu. Vikonyo vikapitia Hamburg, vikasafiri tena hadi pwani ya Tanga, na mzigo ulipofunguliwa vilivyokuwa hai vilikuwa 62. (Ipo hadithi kwamba viliibwa Mexico ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Ni tamu, lakini habari ya Florida ndiyo yenye ushahidi.) Kutokana na hivyo 62, kufikia 1913 koloni lilikuwa likisafirisha nje zaidi ya tani 20,000 za nyuzi kwa mwaka. Kama mmea mmoja ulioletwa kwa kubahatisha ungeweza kuzaa hayo, je, mamia ya mimea ikijaribiwa kwa utaratibu?

Basi ikajaribiwa. Mkwinini, mdalasini, iliki, kafuri, kahawa za kila namna, mianzi na miti ya mbao kutoka Asia na Amerika ilipandwa kwa mistari juu ya vilima vilivyokuwa vimefyekwa msitu. Palikuwa na maabara za kemia na za elimu ya mimea, maktaba, na jarida la wakulima, Der Pflanzer, lililochapishwa Tanga. Waliokusudiwa kulisoma walikuwa walowezi na mameneja wa mashamba. Wenyeji wa Usambara walikuwa upande wa pili wa kazi hiyo: walifyeka, walibeba, walimwagilia vitalu, na baada ya miaka michache mikono yao ilijua kuotesha mche wa mkwinini kuliko yeyote aliyeandika makala. Hakuna aliyewauliza kama wangependa kujua kilichoandikwa.

Vita vya 1914 vikaja na kituko chake. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, shehena kutoka Ujerumani zikakoma, na watafiti wa Amani wakajikuta wanatakiwa kuyafanya mambo ambayo kwa miaka kumi walikuwa wakiyaandika tu. Wakatoa kwinini kwenye magome ya miti yao wenyewe kwa ajili ya askari wa kamanda wao, Lettow-Vorbeck, chungu kiasi kwamba askari waliinywa kwa kukunja uso. Wakatengeneza sabuni, chokoleti, hata wiski. Meli zilipokatika, maarifa yakageuka kiwanda. Zilipoanza tena kuja, kiwanda kikafa. Naona kipindi hiki kifupi kinastahili kufundishwa kwa wachumi, lakini sijakiona kwenye mtaala wowote.

Waingereza waliichukua Amani mwaka 1916, na kwa muda mrefu hawakujua waifanyie nini. Hadi tume ya Waingereza iliyoongozwa na Ormsby-Gore ilipopita katikati ya miaka ya 1920, kituo kilikuwa kimezembewa mpaka ikawa aibu. Ndipo kikafufuliwa kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki nzima, chini ya William Nowell, na mwaka 1928 akafika mtu ambaye kazi yake ndiyo sababu ya simulizi hii.

Harold Storey alitoka Afrika Kusini. Huko alikuwa ameonyesha kwamba ugonjwa wa michirizi ya mahindi huenezwa na kadudu kadogo kanakoruka jani kwa jani. Amani alikuta ugonjwa mwingine uliokuwa ukiwasumbua watu tangu kabla ya vituo na maabara: batobato ya muhogo. Majani hujikunja na kuwa na mabaka ya manjano, shina hudumaa, na wakati wa kuchimba mama hutoa mizizi ya kulisha nusu ya familia. Mjerumani Otto Warburg aliuandika mwaka 1894, na Albrecht Zimmermann, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Amani, alidokeza mwaka 1906 kwamba chanzo chake ni kitu kisichoonekana hata kwa hadubini, jambo la ujasiri wakati elimu ya virusi ilikuwa bado changa. Akaishia hapo. Muhogo haukuwa na bei Hamburg. Ulikuwa chakula cha vibarua, na utafiti wa chakula cha vibarua hauna mfadhili mpaka njaa ianze kuharibu hesabu za serikali.

Miaka ya 1930 njaa na nzige viliziharibu kweli hesabu hizo. Serikali ikaanza kuhimiza muhogo kama akiba, na akiba yenye batobato si akiba. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walithibitisha kwamba ugonjwa huenezwa na nzi weupe, wale wadudu wadogo wanaopeperuka kama unga ukitikisa jani, na kwamba mkulima naye huueneza kila anapopanda kipando kutoka kwenye shina gonjwa. Kumuua kila nzi mweupe wa Afrika Mashariki haikuwezekana. Ilibaki kuutafuta muhogo ambao nzi akiuuma hauumwi.

Wakakusanya aina za muhogo kutoka pande nyingi za dunia. Nyingine zilistahimili kidogo, hakuna iliyotosha. Hapo ndipo macho yalipoangukia mti uliokuwa umewafilisi watu. Kabla ya vita, walowezi wa Kijerumani walikuwa wamepanda mpira wa Ceara, mti wa asili ya Brazil ambao kwa ukoo ni ndugu wa muhogo. Kwa miaka michache bei ilikuwa ya kutia wazimu. Kisha mwaka 1913 mashamba makubwa ya mpira wa aina nyingine huko Asia yakaangusha soko, na walowezi wakaiacha miti yao isimame bila kugemwa. Wenyeji waliipatia kazi: iliwekwa mipakani na uani, na majani yake yakapikwa. Leo hii ukienda sokoni ukaambiwa ni kisamvu cha mpira, ndio mti huo. Batobato ilikuwa haiusumbui.

Kuoanisha miti miwili ya namna hii ni kazi ya mtu mvumilivu. Ua la kike la muhogo hufungwa kimfuko kabla halijafunguka, ili nyuki asitangulie. Chavua hupakwa kwa mkono, kimfuko hurudishwa, na baada ya wiki kadhaa tunda hukauka na kutoa mbegu tatu tu. Kila mbegu ni mtoto wa peke yake asiyefanana na nduguye. Huoteshwa, hungojewa karibu mwaka, na ndipo mtafiti huchimba kuona kama chini kuna kitu. Watoto wa kwanza wa muhogo na mpira walikuwa na majani safi ajabu na mizizi isiyofaa, miembamba na migumu kama kuni. Wakaoanishwa tena na muhogo. Watoto wakaoanishwa tena, mara ya pili, mara ya tatu, na kila kizazi kikipandwa mahali penye ugonjwa mwingi ili dhaifu wajitoe wenyewe. Kazi ilianza katikati ya miaka ya 1930 na ikavuka vita vya pili vya dunia. Kufikia miaka ya 1950, chini ya D. L. Jennings, Amani ilikuwa na muhogo wenye mizizi ya kuliwa na kinga ya kweli. Miche hiyo haikuwa na majina, ilikuwa na namba: 46106/27, 5318/34. Zikumbuke.

Mkonge nao ulikuwa ukipitia mkondo kama huo. Aina mbili za agave, jamii ya mkonge, moja ikiwa ile ya majani ya kibuluu iliyokutwa bustanini Amani na kupewa jina la mahali hapo, zilioanishwa na kuzaa chotara namba 11648. Kazi ilimaliziwa Mlingano, kituo cha wenye mashamba ya mkonge, chini ya G. W. Lock. Mkonge wa kawaida hutoa majani yasiyozidi 250 maishani. Chotara huyu hutoa zaidi ya mara mbili ya hayo. Tanganyika iliongoza dunia kwa mkonge na mwaka 1964 ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Kisha nailoni ikafika, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa mwaka 1967, na mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi haikufikisha hata tani 30,000. Wachina, waliochukua 11648 miaka ya 1960, wameifanya kuwa aina kuu ya mkonge wao huko Guangdong na Guangxi hadi leo.

Amani yenyewe ilikuwa imeanza kuhamishwa. Kuanzia 1948 utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki ulipelekwa Muguga, karibu na Nairobi, na Storey akaenda nao. Majengo ya Usambara yakapewa watafiti wa malaria.

Hesabu ya miaka hiyo hamsini haijalishi umeifanya kwa namna gani, inatoka vibaya. Tanganyika ilikuwa na kituo kinachosomwa London, Berlin na Java, na haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka kusoma zaidi alikwenda Makerere, iliyoanza 1922 kama shule ya ufundi. Mwalimu Nyerere alipenda kuwakumbusha wageni kwamba Waingereza walipoondoka waliacha wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Angeweza kuongeza kwamba waliacha pia namba nyingi za mihogo kwenye madaftari na hapakuwa na Mtanganyika aliyeandaliwa kuyasoma. Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam, Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wasiozidi 15, wote wa sheria. Nchi changa inahitaji mawakili, sibishi. Lakini maarifa ya Amani yalikuwa yakingoja mrithi, na mrithi alitokea mbali.

Mbegu za 5318/34 zilikuwa zimepelekwa Nigeria, kwenye kituo cha Moor Plantation mjini Ibadan. Mji huo ulikuwa na chuo kikuu tangu 1948, na mwaka 1967 ukapata taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA. Mmoja wa watoto wa mbegu hizo alihifadhiwa kwa namba 58308. Mwaka 1971 akaja IITA mtafiti kutoka Korea Kusini, Sang Ki Hahn, aliyekuwa profesa Seoul na hakuwahi kuishi na muhogo. Aliukuta 58308, akautumia kama mzazi, na katikati ya miaka ya 1970 akatoa aina zilizoanza kusambaa, mashuhuri zaidi ikiwa TMS 30572. Watu wa Ikire, mji wa Wayoruba, walimsimika kuwa Seriki Agbe, mkuu wa wakulima.

Ningekuwa mwalimu wa uchumi ningekaa hapa zaidi kuliko kwenye ua na kimfuko. Nigeria haikufanikiwa kwa sababu ya mbegu peke yake. Ibadan ilikuwa na wanafunzi wa shahada waliokaa na Hahn mashambani na kurudi kwenye vituo vya nchi zao wakiwa wazalishaji mbegu. Mafundi wa kuchomelea wa mitaani walikuwa wameichukua mashine ya kukwangua muhogo iliyotoka koloni la Kifaransa la jirani, wakaifungia injini ndogo na kuiuza vijijini. Bila mashine hiyo, muhogo mwingi ungekuwa mzigo kwa wanawake wanaokwangua kwa mkono. Na palikuwa na soko la gari, ule unga uliokaangwa, lenye walaji mamilioni mjini. Mtafiti, mwanafunzi, fundi na mlaji walikuwa ndani ya mwendo wa siku moja. Nigeria ikaipita Brazil, nyumbani kwa muhogo, na leo huzalisha karibu tani milioni 60 kwa mwaka.

Kisha damu ya Amani ikarudi Afrika Mashariki kwa mlango wa nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali isiyo ya kawaida ilizuka Uganda, ikashuka kusini wilaya hadi wilaya, na watu wakaacha kulima muhogo kabisa. Ilikuja kugundulika kuwa virusi vya aina mbili vimechanganyika na kuzaa cha tatu. Kituo cha Namulonge kilileta aina kutoka Ibadan, na TMS 30572 ikapewa wakulima kwa jina la Migyera. Mganda aliyeupanda alikuwa akipanda, kwa vizazi kadhaa vya nyuma, kazi iliyoanzia Usambara. Kutoka Muheza hadi Namulonge ni barabara tu; mbegu ilizungukia Ibadan na kutumia miaka zaidi ya thelathini.

Upande wa Tanzania urithi ulikuwa ukijengwa polepole. Chuo cha kilimo Morogoro kilianza 1965 kwa stashahada, mwaka 1969 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu, na 1984 kikasimama chenyewe kama Chuo Kikuu cha Sokoine. Katikati, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Muguga ikabaki Kenya, na watafiti wa nchi tatu waliokuwa wakisomeana ripoti wakawa wanaandikiana kupitia balozi. Miaka hiyo haikuwa na fedha ya utafiti. Vituo vilibaki na vibao vya majina na walinzi.

Wakati huo adui wa pili alikuwa akinoa meno. Storey mwenyewe ndiye aliyemwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1936, akimwita ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Huu ni mwovu kuliko batobato, kwa sababu hudanganya. Shina linaweza kusimama vizuri, mzizi ukatoka ardhini mnene na safi, na muuzaji akaupanga gengeni bila shaka. Mnunuzi akiukata anakuta ndani madoa makavu ya kahawia, magumu kama kizibo cha chupa. Hauli, huuzi, na mwaka umekwisha. Kwa muda mrefu ulikaa pwani na kusini, na tangu 2004 umepanda hadi Uganda na kuzunguka maziwa makuu.

Watafiti walipoanza tena, miaka ya 1990, kutembea mashambani Mtwara wakitokea kituo cha Naliendele, walikuta wakulima wanaolima muhogo uitwao Namikonga, ambao mizizi yake ilikuwa inabaki safi jirani zake wakioza. Pwani ya Kenya, upande wa Kilifi, watu walikuwa na wao, Kaleso. Jennings, ambaye alikuwa bado hai na anakumbuka, alishiriki kuunganisha nyuzi, na vipimo vya vinasaba vikaja kukubali: Namikonga na Kaleso ni mche mmoja, nao ni 46106/27 wa Amani. Kituo kilihama, madaftari yakahama, dola mbili zikaja na kuondoka. Kilichobaki kilibaki mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuandikwa kwenye ripoti, waliopeana vipando kwa jirani na shemeji kwa nusu karne na kuvipa majina yao.

Mwaka 2016 uchambuzi wa vinasaba vya muhogo uliochapishwa kwenye Nature Biotechnology ulionyesha vipande vya mpira wa Ceara vikiwa bado vimo ndani ya Namikonga. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti ulioongozwa na Esther Masumba, Mtanzania, uliooanisha Namikonga na aina nyingine ya kusini iitwayo Albert na kuonyesha ni sehemu zipi za vinasaba zinazobeba kinga. Majina yanayoanza kwenye orodha ya waandishi ni ya Watanzania. Kwa Storey jambo hilo lisingemjia hata akilini.

Kipindi hicho hicho Joseph Ndunguru, aliyekuwa akiongoza kituo cha utafiti Mikocheni, na wenzake kutoka Uganda, Kenya na kwingineko walianza kubeba kifaa cha kusoma vinasaba kinachokaa kiganjani. Walikiweka juu ya meza shambani, chini ya mti, wakaponda jani gonjwa na kusoma kirusi chake kabla jua halijazama. Zamani jani hilo lingefungwa, likapelekwa ng'ambo, na jibu likarudi msimu mwingine, mkulima akiwa ameshapanda vipando vilevile.

Sasa zipo fedha ambazo hazikuwapo. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, HEET, ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021, na vyuo vikuu vya umma vinajenga maabara na kampasi na kusomesha wahadhiri. Nina shaka moja tu nayo, ya kihistoria: Amani ilikuwa na majengo mazuri. Jambo ambalo halikuwapo ni njia ya kutoka maabara hadi sokoni ambamo mwenyeji anakula pia. Kwa muhogo njia hiyo imeanza kufunguka mahali pasipoandikwa sana magazetini. Taasisi ya uthibiti wa mbegu, TOSCI, hukagua mashamba ya watu wanaozalisha vipando safi kwa ajili ya kuuza, na mzalishaji akipata cheti huuza mzigo wake kwa jirani aliyezoea kupewa bure. Mwanzoni wengi walicheka: nani atanunua vijiti? Walioshuhudia jirani akichimba mizizi isiyo na madoa ndio waliorudi na fedha mkononi, na baadhi ya wauzaji hao siku hizi hupokea oda kabla ya mvua za vuli.